Namna ya kuangalia ndege mu pori ya Mikembo: ikala chini, acha zikufikie

Kila mara naweka foto ya ndege ku status, kuko mutu wa Katuba ao wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ananiuliza: hii ulipiga wapi, ni Zambia? Hapana, ni hapa kwetu. Ni kilometre 30 na kitu kutoka mu muji wa Lubumbashi, upande wa kaskazini-mashariki, mu sanktuere ya Mikembo. Nimeona niandike yote fashi moja, juu watu mingi wanatamani kwenda na hawajui waanzie wapi, na kuko wengine walishaka kwenda wakarudia wanasema mule hamuna ndege, walitembea saa tatu wakaona tu njiwa mbili. Ninawaamini, na miye ilinipata vile vile mara ya kwanza. Lakini ndege zilikuwa mule, tena mingi, tulizipita pembeni.

Mikembo ni kipande cha miombo, karibu ektari 800, chenye kinachungwa. Miombo munaijua, ni pori yetu ya asili, ya miti ya Brachystegia na Julbernardia, inatokea Angola inapita Katanga na Zambia inafika mpaka Tanzania na Msumbiji. Pembeni ya Lubumbashi tumeipiga makala sana, unaweza kwenda na motokari saa nzima unaona tu bisiki na majani, kwa hiyo fashi yenye miti mikubwa ingali inasimama ni mali kubwa kwetu wote. Mule ndani watu wa sayansi walichukua kipande cha ektari 10 wakapima miti moja moja yote, wanaendelea kuifuata. Kama unaenda, ujue unaingia fashi ya namna gani.

Kwanza ruhusa. Usifike tu hivi hivi ukagonga ku mulango. Uliza siku kadhaa mbele, useme muko wangapi, munakuja na motokari gani, na useme waziwazi kama munataka kuingia mapema sana asubui. Hiyo ya mwisho njo watu wanasahauka. Kama mulinzi anajua munafika 8h, atafungua 8h, na ku 8h sehemu nzuri ya siku imeshapita. Watu ine ni kamili, sita tayari ni makelele. Batoto wanaweza kuja kama wanaweza kunyamaza nusu saa, niliona mutoto wa miaka tisa mwenye alikuwa na macho kupita sisi wakubwa wote.

Kisha shoferi. Siku moja tulilipa mutu wa motokari atuchukue 4h30, akafika 7h15, tukafika ku pori jua imeshakuwa kali, ndege zimenyamaza, na pesa ya wote ilikuwa imeshakwenda. Tangu ile siku tunalipa nusu tu mbele, na tunapigia shoferi simu mangaribi ya mbele ya safari na tena 4h00, na kama anaweza analala kwetu kabisa. Batri ya simu na ya lampe utie moto mbele ya siku mbili, juu delestaje (ile ya kukatiwa moto) haingojee safari yako.

Nguo. Usivae nyeupe, usivae nyekundu, vaa rangi za majani makavu ao za udongo, suruali ndefu, soksi juu ya suruali sababu ya kupe, viatu vya kufunga. Lakini usivae hata siku moja nguo ya madoadoa ya kufanana na ya masoda, hata kama umeiona mu foto za wazungu wenye kuangalia ndege. Hapa kwetu itakuletea maneno ku barieri ya kwanza, na utakuwa na jumele (darubini ya macho mawili) mu shingo juu ya ile nguo, utafasiria mpaka mangaribi. Jumele yenyewe weka mu saki mpaka munafika, usiangalie nayo upande wa usine ao wa carrière ao wa masoda, na tembea na kitambulisho. Maji litre mbili kwa mutu, mikate na karanga, maana kule hakuna wa kukuuzia.

Sasa jumele. Kama unanunua ao unaazima, angalia namba yenye kuandikwa pembeni: 8x42 ni nzuri sana kwa pori. 8 maana yake inakuleteaka ndege karibu mara nane, 42 ni upana wa kioo cha mbele mu milimetre, na kioo kikiwa kipana kinaingiza mwangaza mingi, kitu yenye unahitaji asubui mapema chini ya miti. Wenye kuuza watakupa 20x, 30x, wanakwambia inaona mbali. Mukono wako utatetemesha kila kitu na hautaona ndege hata moja. Na kuko kintu kimoja chenye kinasumbua wote wa mwanzo: wanaona ndege na macho, wanashusha kichwa kutafuta jumele, wanapandisha, ndege imepotea. Fanya hivi: macho yasitoke ku ndege, kabisa, ni mikono njo inaleta jumele mbele ya macho. Jizoeze ku nyumba.

Ku nyumba kweli, siyo maneno ya bule. Mbele ya kwenda pori, maliza wiki mbili unaangalia ndege za parcelle yako. Kunguru ya shingo nyeupe, mwewe, kashomoro yenye kulala mu mabati, mnana wa manjano wenye kufuma nyumba mu muti wa avoka, na ile ndege ya kichwa cheusi na manjano chini ya mukia yenye inaimba ya kwanza asubui juu ya clôture (ni shorewanda, Pycnonotus). Kama kuko mitende karibu, angalia juu, utaona vindege vyembamba vinazunguka bila kutua, ile inabandikaka nyumba yake na mate chini ya jani la mutende, yai pia linabandikwa, ili upepo usiiangushe. Ukijua hizi za muji vizuri, ukubwa wao, namna zinaruka, unakuwa na kipimo: mu pori utasema "ni kama kashomoro lakini mukia murefu", "ni kubwa kidogo kupita njiwa", na ile njo inasaidia kuitafuta mu kitabu.

Kuhusu kitabu, ndege za Mikembo nyingi ni zile zile za kaskazini ya Zambia, kwa hiyo kitabu chenye kuzungumuzia ndege za Zambia kitakufaa kupita kile cha Afrika ya Mashariki. Mu simu kuko programu mbili za bule, eBird ya kuandikia ulichoona na Merlin ya kutafuta jina, lakini pakua zote na WiFi ku muji, kule rezo haiko ya kuaminia. Na mujifunze majina ya kisayansi kidogo kidogo. Najua inaogopesha, lakini ndege nyingi za miombo hazina jina moja lenye wote tunajua, Mubemba anaita hivi, Musanga hivi, Muluba hivi, mu Kifaransa tena ingine, na jina la kisayansi njo linatuunganisha.

Wakati gani? Mi ningesema kuanzia mwisho wa mwezi wa nane mpaka katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubui inauma, ndege zinachelewa kuamuka, lakini majani yanaanza kupunguka na unaona mbali, siyo vibaya. Mu mwezi wa tisa miombo inafanya kitu chenye sijaona pori ingine inafanya: mbele hata tone moja ya mvua haijaanguka, miti inatoa majani mapya, na yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba, pori nzima inakuwa kama inawaka na jua la asubui. Wadudu wanatokea na yale majani, na ndege zinaanza kujenga. Mwezi wa kumi wageni wanaanza kufika, mbaruwai na keremkerem wa Ulaya, unasikia keremkerem mbele ya kuwaona, wako juu sana wanaita pruu, pruu. Mvua ya kwanza ikianguka na kumbikumbi zikatoka, ikala fashi moja tu na uangalie juu, mwewe, mbaruwai, keremkerem, wote wanakula mu hewa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili majani ya chini yanakuwa marefu, njia ni matope, ndege ziko lakini haumone kitu.

Saa: uwe ndani ya pori jua likitoka. Mwezi wa kumi jua linatokaka karibu 5h45. Mpaka 9h30 ni wakati muzuri, kisha inapunguka, saa sita ya muchana ni kimya kabisa, munapumuzika mu kivuli, munarudilia 16h mpaka giza.

Sasa tufike ku kitu chenye kilinifanya niandike. Ginsi gani ya kutembea? Jibu ni: usitembee sana.

Miombo haiko kama musitu wa Équateur wenye kila muti uko na kelele yake. Hapa ndege zinatembeaka mu makundi ya kuchanganyika, aina kumi, kumi na tano, saa ingine makumi mbili, zote pamoja, zinapita muti kwa muti kutafuta wadudu. Sababu mutu anafasiriaka ni mbili: macho mengi yanaona mwewe mbele, na mwenye kuchokora huku anatoa mududu yenye mwengine anakamata kule. Kwa hiyo kati ya kundi moja na lingine pori ni kimya, unaweza kwenda dakika makumi ine bila kusikia kitu, na ukiwa unatembea mbio na unazungumuza, kundi linakupita metre 80 pembeni na haujui. Sisi mara ya kwanza tulitembea hivyo, tulipiga kilometre mingi sana, tulirudia na macho matupu.

Mara ya pili tulikuwa na baba mumoja mwenye alikuwa amekomalia mu pori, alikuwa anachoma makala zamani, sasa anachunga. Akatuleta ku kichuguu kimoja kikubwa, akasema: tuikale hapa. Tukauliza, ndege iko wapi? Akasema, tuikale.

Vichuguu vya kwetu munavijua, viko vya metre tano na zaidi, kuko vyenye vinafika karibu munane, muchwa Macrotermes falciger njo anavijenga. Udongo wake haufanane na ule wa pembeni, uko na chumvi na chakula mingi kwa miti, kwa hiyo juu ya kichuguu kunaota miti ingine kabisa, kichaka chenye kufungana, yenye kubakia na majani mabichi hata wakati wa kiangazi, na matunda madogo madogo. Kwa ndege ile ni sawa nyumba na soko fashi moja. Tukaikala chini, mugongo ku muti, kichuguu mbele yetu kama metre 20, jua nyuma yetu. Hiyo kumbuka: jua nyuma yako, la sivyo ndege zote zitakuwa nyeusi.

Dakika tano hakuna kitu. Kisha mu kichaka sauti moja nzuri, kama kengele, ho-ho-huii. Baba akanyoosha vidole viwili. Nikafikiri anasema mita mbili. Kumbe anasema ndege mbili: bibi na bwana, mumoja anaanza, mwengine anamalizia, haraka haraka mpaka masikio yako yanapokea wimbo mumoja. Ni Laniarius, mweusi mugongo, tumbo jeupe lenye kuingiamo kidogo rangi ya waridi. Nilimona mumoja vizuri, alikuwa anainamisha kichwa kila mara anatoa ile sauti yake, na kwa nyuma ya majani mwenzake anajibu.

Halafu baba akashika mukono yangu. Mbali kidogo kulikuwa kelele ya midomo yenye kugongana, tak-tak-tak, kama mutu anapiga mbegu. Ile njo alama ya kundi, mujifunze ile mbele ya zote. Ni Prionops, ndege nyeusi na nyeupe na kizunguuko cha manjano ku jicho, zinatembeaka sita, saba, jamaa nzima pamoja, na nyuma yazo kundi lote linafuata. Alama ingine ni ndege nyeusi tii ya mukia wa kupasuka mara mbili, Dicrurus, inaikalaka juu ya tawi wazi inachunga wengine wanafukuza wadudu, na ni mwizi: inaigaka sauti ya hatari ya ndege wengine, wanakimbia, inashuka kukamata chakula chao. Ukiona hii imetulia juu ya muti, usiende, kundi liko chini yake ao linakuja.

Likakuja. Lilipita juu yetu kabisa, hatukusogea hata muguu. Kigogota ku tawi kavu, vindege vidogo vya kijivu vyenye kuning'inia kichwa chini ku majani mekundu, ndege ya chozi mwenye kichwa cha bluu na musitari mwekundu mu kifua wenye manjano pembeni, Anthreptes anchietae, huyu ni wa miombo kabisa, na kamoja kadogo ka madoadoa, Salpornis, kenye kilianza chini kabisa ya shina kikapanda kinazunguka, kikafika juu, kikaruka mpaka chini ya muti wa pili, kikaanza tena. Baba alikuwa anahesabu na vidole. Dakika kumi, aina kumi na sita, kisha kimya tena. Nilikuwa na machozi, naisema waziwazi.

Kwa hiyo njia ni hii: tembea polepole dakika kumi, simama dakika tano, sikiliza. Ukikuta kichuguu kikubwa chenye kichaka, ikala nusu saa. Ukisikia kundi, usilikimbilie, angalia linaelekea wapi, zunguka uende ukangojee mbele. Usipige sauti ya ndege mu simu kuita-ita, mwezi wa tisa na wa kumi ziko ku mayai, unazitoa ku kazi yao bule. Ukiona nyumba ya ndege, piga foto moja ya mbali, uondoke, na usifungue majani juu ya foto. Manati ibakie ku nyumba.

Kama kuko mushitu, ile musitu mubichi wa pembeni ya maji, pita pale pia. Tafuta ndege kubwa kupita njiwa, yenye kukimbia juu ya matawi kama kindi. Ikikaa ni ya rangi ya giza, bluu ya kuingia mu violet, unafikiri ni nyeusi tu. Ngoja iruke. Mabawa yanafunguka na ni mekundu, mekundu kama moto, na ile rangi ndani yake muko shaba ya kweli, kwa kemia, watu wa sayansi wanaiitaka turacin. Sisi watu wa Katanga, shaba chini ya miguu, shaba mu majani ya mwezi wa tisa, na shaba mu bawa la ndege. Jina lake Musophaga rossae.

Na mlembe. Hii ni ndege ya kijivu, ya bule ku macho, lakini ikikuona inakuja karibu inapiga kelele bila kunyamaza, inaruka muti mumoja mbele, inarudia kukuangalia: inataka kukuonyesha nyuki, ukate asali nayo ikule nta. Wazee wetu walikuwa wanaijua vizuri. Kule Niassa mu Msumbiji, mu miombo kama yetu, mu 2016 watafiti waliandika kama wawinda asali Wayao wakiita mlembe na sauti yao wenyewe walioachiwa na wababa, bahati ya kupata asali inatoka 17% inafika 54%. Ujue huku kwetu mule sanktuere haukate asali, fuata tu kidogo uone namna inafanya, kisha uiache.

Andika yote mu kaye pale pale, siyo mangaribi. Tarehe, saa, fashi, ukubwa, mudomo, rangi ya mukia, ilikuwa chini ao juu ya muti, inafanya nini. Kwanza andika, kisha fungua kitabu, juu ukifungua kitabu mbele utaanza kuona kile kitabu kinasema. Zile hauna hakika nazo, andika na alama ya kuuliza. Hayo makaye yana maana, juu ndege za kwetu zote hazikujulikana zamani: mu 1982 tu njo walitoa jina la kisayansi kwa mnana mumoja wa ku ziwa Tshangalele, ile ya barrage ya Mwadingusha, Ploceus ruweti, anapatikana kule Lufira. Ni upande wa Likasi tu. Siyo zamani sana ile, wengi wetu wazazi wetu walikuwa wameshaoana.

Kama munaweza kupata ruhusa ya kubakia mpaka giza, bakieni, sana-sana mwezi wa tisa na wa kumi. Jua likishuka, simama fashi yenye kufunguka, angalia upande wenye mbingu ingali na mwangaza. Utaona kitu kinapita bila sauti, kama ndege moja yenye kufuatwa na ndege zingine mbili ndogo. Ni moja tu. Ni Caprimulgus vexillarius, dume, mu wakati wa ndoa unyoya mumoja wa kila bawa unaota murefu kupita mwili wake, mweupe, unamufuata nyuma kama utepe. Wakimaliza kulea wanavuka équateur wanaenda kaskazini, na dume anaenda bila ile mapambo.

Mukirudia, mwambie shoferi aende polepole mpaka ku barabara kubwa. Ndege hizi za usiku zinapendaka kulala mu njia, udongo ungali na moto ya muchana, na phare ikizikuta macho yao yanawaka mekundu chini kabisa. Sisi tulisimama tukazima phare. Dume mumoja alikuwa metre tatu mbele ya gurudumu, tepe zake zimelala mu vumbi, akaikala hivyo muda murefu, kisha akaruka, ikapita tepe moja juu ya kioo.